Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru
Somo la afya: kinga ya mwili inapompiga mwenyewe, vijidudu huingia kwa urahisi



Wengi wenu mtasoma somo hili mkiwa mashambani, chini ya mti au ndani ya darasa la nasari baada ya mkutano. Sisi tunaliandika tukiwa Eastlands, Nairobi, kelele za matatu zikiingia dirishani. Lakini jambo tunaloleta ni letu sote. Kijana wenu akiugua hapa mjini kwa muda mrefu, mara nyingi mwisho wake ni kurudishwa nyumbani, na mzigo unakuwa wenu.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna magonjwa ambapo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaupiga mwili wenyewe. Wengi wakisikia hivyo hufikiri kwamba mtu wa namna hiyo ana kinga nyingi kupita kiasi, na kwa hivyo vijidudu haviwezi kumgusa. Hata sisi tulifikiri hivyo. Kumbe ni kinyume. Tulijifunza kwa uchungu, na tungependa ninyi mjifunze bila uchungu huo.

MWENZETU MMOJA

Katika kikundi chetu kuna binti fundi wa cherehani. Jina lake hatulitaji, naye mwenyewe ametuambia tueleze habari zake ili wengine wasaidike.

Alianza kwa maumivu ya vidole. Asubuhi mikono ilikuwa migumu hata mkasi ukamshinda. Nywele zikaanza kung'oka. Akatoka madoa mashavuni na juu ya pua, kama kipepeo aliyetua usoni, na akikaa juani yanazidi. Mdomoni akawa na vidonda visivyoisha. Kwenye ploti watu wakaanza kunong'ona, "Huyu ana ule ugonjwa." Alipimwa HIV mara tatu, na mara tatu hakuwa nayo. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akanunua mizizi na unga wa kila rangi. Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Mwishowe daktari mmoja alimpima damu na mkojo, akamwambia, "Una lupasi."

Alipewa vidonge vya prednisoloni na haidroksiklorokwini. Baada ya wiki chache alirudi kwa cherehani yake, nasi tukashangilia.

Mwaka uliofuata akaanza kukohoa. Usiku anatoka jasho, mchana hana nguvu, nguo zinamlegea. Homa haikuwa kali. Tulipomtembelea tulimwambia kwa moyo mweupe kabisa, "Hiyo ni lupasi yako imeamka. Ongeza zile dawa." Mmoja wetu akaenda kwa kemisti akamnunulia prednisoloni zaidi. Kwa siku mbili tatu viungo vilipoa, akala vizuri, tukajiona tumefanya kazi njema. Kikohozi kikaendelea. Wiki tano baadaye alifikishwa hospitali akibebwa. Makohozi yalipopimwa, ilikuwa TB, nayo ilikuwa imeenea mapafu yote mawili.

Amepona, lakini pumzi yake haijarudi kama zamani. Akipanda ngazi za ghorofa ya pili lazima apumzike katikati. Sisi tuliomshauri aongeze vidonge tulikuwa tunampenda sana. Shida ni kwamba hatukujua tunachokifanya. Ndiyo maana tumeamua kuandika.

SOJA WA PLOTI

Hapa Eastlands, kuanzia Umoja na Buru Buru mpaka Kayole na Dandora, ploti na kota nyingi zimewekewa geti na soja wa usiku. Kazi ya soja ni mbili. Ya kwanza ni kumtambua mwizi. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kumtambua mpangaji. Soja asiyemjua mpangaji ni hatari kuliko kukosa soja.

Mwili nao una masoja wake. Hao ni chembe nyeupe za damu, zinazotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi humeza vijidudu. Baadhi hutengeneza silaha ndogo sana ziitwazo kingamwili, ambazo humshika adui na kumwekea alama. Wengine hupiga filimbi, yaani hutoa ujumbe kwa kemikali ili masoja wa jirani waamke. Moja ya filimbi hizo inaitwa interferoni.

Sasa tuseme soja wa ploti amechanganyikiwa. Anamwona mpangaji wa chumba cha nne anarudi kutoka kazini Gikomba, anamrukia kwa rungu. Wapangaji wanapiga nduru, masoja wengine wanakuja, nao wanaingia kwenye fujo. Mlango umevunjwa, taa zimezimwa, kila mtu yuko upande wa geti. Saa hiyo mwizi wa kweli anaruka ukuta wa nyuma. Hakuna anayemwona.

Wazee walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi hapa ni mwili unaopigana na mwili. Kunguru ni TB, nimonia, malengelenge ya mkanda wa jeshi, maambukizi ya mkojo na vijidudu vingine vinavyongoja nafasi.

KWA NINI SOJA ANACHANGANYIKIWA?

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi Mjerumani aliyeitwa Paul Ehrlich alifundisha kwamba mwili una woga mkubwa wa kujidhuru wenyewe. Watu wengi walielewa kwamba jambo hilo haliwezekani. Ilichukua miaka mingi mpaka madaktari wakubali kwamba linawezekana, na kwamba si jambo la nadra sana. Wahenga wetu walikuwa wameshasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu haiwi moja. Kuna urithi, kuna homoni, kuna vijidudu vinavyofanana na sehemu za mwili, na kwa lupasi kuna jua. Katika kila watu 10 wenye lupasi, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza wakiwa katika umri wa kuzaa.

Kuna habari moja inayotuhusu sisi Wakenya. Mwaka 2010 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusisha watoto wa hapa Kenya. Kuna badiliko la kurithi ambalo hulegeza breki za chembe za kinga. Walikuta kwamba mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama ana nafuu fulani dhidi ya malaria kali. Lakini badiliko hilo hilo huongeza uwezekano wa kupata lupasi. Yaani breki iliyolegea iliwasaidia babu zetu mbele ya malaria, na leo inawaletea baadhi ya wajukuu wao ugonjwa mwingine. Kwa hivyo mtu akipata lupasi, si laana, si kurogwa, si adhabu ya makosa yake. Wala hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

NI MAGONJWA GANI HAYO?

Yako mengi. Tutaje matatu mnayoweza kuyakuta kijijini:

Lupasi. Hushika ngozi, viungo, damu, figo, hata mapafu na ubongo. Huja na kwenda. Leo mtu ni mzima, mwezi ujao yuko kitandani.

Baridi yabisi. Hapa kinga hushambulia utando wa viungo. Vidole na vifundo vya mikono huvimba pande zote mbili, na ugumu wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Si yale maumivu ya magoti ya uzee tu. Huweza kumpata hata mama wa miaka 30.

Kisukari cha utotoni. Kinga huua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa sana, anakonda haraka. Wengine hutibiwa malaria au taifodi mpaka wanazimia, kumbe tone moja la damu ya kidole lingeonyesha ukweli.

Magonjwa haya hayafungui milango kwa kiasi kimoja. Mwenye shida ya tezi la shingo iliyoletwa na kinga, kwa mfano, akitumia dawa zake vizuri huenda hatari yake ya maambukizi isiwe kubwa. Tusiwatie watu wote hofu moja.

MILANGO MITATU YA ADUI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Adui huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza: ugonjwa wenyewe

Lupasi ikichacha, kingamwili huweza kuzishika hata chembe nyeupe za damu na kuziua. Idadi ya masoja inapungua. Tena kuna protini fulani katika damu ambazo kazi yake ni kuwapaka vijidudu alama ili wamezwe haraka. Katika lupasi protini hizo hutumika ovyo kwenye vita vya ndani, na mwizi akija hazitoshi.

Mara nyingine kinga huikamata ile filimbi. Mtakumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa mwezi wa Machi, na mwezi wa Mei hapa kwetu Eastleigh ikafungwa, watu wasiingie wala wasitoke. Wengi tuliulizana: mbona huyu amepata mafua tu, na yule wa umri uo huo amewekwa kwenye oksijeni? Baadaye mwaka huo, watafiti wa nchi mbalimbali walitoa sehemu ya jibu. Walipima wagonjwa 987 waliokuwa na korona ya kutishia maisha. Kati yao 101 walikuwa na kingamwili zinazozima interferoni. Kati ya watu 663 walioambukizwa lakini hawakuugua sana, hakuna hata mmoja aliyekuwa nazo. Ina maana mtu mmoja katika kila 10 waliolemewa alikuwa na mwili ulioinyamazisha filimbi yake mwenyewe. Wengi wao hawakujijua. Walikuwa wakitembea na kufanya kazi kama kawaida mpaka mwizi alipokuja.

Kabla ya hapo, mwaka 2012, ilielezwa habari ya watu wazima wa Thailand na Taiwan waliopata maambukizi mazito ya vijidudu vya jamii ya TB, na hawakuwa na HIV. Wengi wao walikutwa na kingamwili dhidi ya aina nyingine ya interferoni, ile ambayo mwili huitumia kupambana na TB.

Mlango wa pili: viungo vilivyoharibika

Figo zikiumizwa na lupasi huwa kama chungio lililotoboka. Protini hupotea kwenye mkojo, na pamoja nazo kingamwili nzuri zinakwenda chooni. Dalili ni mkojo wenye povu lisiloisha na kuvimba miguu au macho asubuhi.

Kwenye kisukari, sukari ikiwa juu muda mrefu chembe nyeupe huwa zito, hazikimbii wala hazimezi vizuri. Kidonda kidogo cha mguu hakiponi. Mwenye kisukari ana hatari ya kupata TB kiasi cha mara 2 hadi 3 kuliko mtu asiye nacho. Na baridi yabisi kwa baadhi ya watu hufika mpaka kwenye mapafu na kuyaachia makovu, ambako vijidudu hupata pa kujificha.

Mlango wa tatu: dawa

Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mama mmoja aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache mama huyo alitembea. Dunia ilistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wanasayansi wawili wenzake walipewa Tuzo ya Nobeli. Prednisoloni ya leo ni ndugu ya dawa ile. Imeokoa maisha ya watu wengi, na binti wetu ni mmojawapo.

Lakini dawa hii humtuliza soja kwa kumpa usingizi. Mambo matatu lazima yajulikane:

Kwanza, kadiri vidonge vinavyozidi na siku zinavyozidi, ndivyo kinga inavyoshuka. TB iliyokuwa imelala mwilini tangu zamani inaweza kuamka. Minyoo fulani ya tumbo nayo huweza kuzaana na kusambaa mwilini.

Pili, dawa hii huficha dalili. Homa inaweza isipande na maumivu yakapoa huku maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Hili ndilo lililotudanganya sisi.

Tatu, mtu akiitumia kwa wiki nyingi asiiache ghafla. Tezi zake zinazotengeneza homoni ya namna hiyo zimelala. Akikata mara moja, presha huweza kuanguka na akafa. Hupunguzwa pole pole kwa maagizo ya daktari.

Kuna dawa nyingine inaitwa methotreksati, ya baridi yabisi. Hiyo kwa ugonjwa huu humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Tunarudia: kwa wiki, si kwa siku. Anayeimeza kila siku kwa kukosea huharibu uboho, masoja hawatengenezwi tena, na maambukizi humwua. Andikeni ile siku juu ya pakiti kwa kalamu nene.

Haidroksiklorokwini ni tofauti. Ni jamaa ya klorokwini, ile dawa ya malaria tuliyoimeza zamani. Yenyewe haishushi kinga kama hizo nyingine, na wagonjwa wa lupasi wanaoimeza vizuri hupata nafuu ya muda mrefu. Macho yapimwe kila baada ya muda kama daktari atakavyosema.

Je, basi dawa ziachwe? Hapana! Hapa ndipo wengi hupotea. Ukiacha dawa ili kuufunga mlango wa tatu, unaacha wazi wa kwanza na wa pili, na hiyo ni hatari zaidi. Kazi ya daktari ni kutafuta kipimo kidogo kabisa kinachotosha kumtuliza soja bila kumlaza kabisa. Kazi yetu ni kumsaidia mgonjwa asitoke kwenye kipimo hicho.

HII SI HIV, LAKINI TUJIFUNZE KUTOKA HUKO

HIV huwaua masoja. Lupasi huwachanganya. Njia ni mbili, lakini zote huweza kumfikisha mtu kwenye TB na nimonia. Ndiyo maana majirani huchanganya mambo. Mtu amekonda, nywele zimekatika, ana vidonda mdomoni, basi hukumu imeshatolewa kwenye foleni ya maji.

Tunajua minong'ono ilivyofanya miaka ile. HIV ilionekana Kenya mwaka 1984, na haikutangazwa janga la taifa mpaka Novemba 1999. Katika miaka hiyo 15 wangapi walijificha chumbani mpaka wakafa, kwa sababu ya aibu tu? Tusirudie. Na mwenye HIV pia asinong'onewe, maana siku hizi kuna dawa na anaishi. Anayehitaji kipimo asaidiwe apimwe. Jibu likiwa "hana," tusiseme mashine imekosea. Tuulize, "Basi ni nini?" na tuendelee kutafuta.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Homa isingoje. Mgonjwa wa namna hii akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kule kwenye malaria, kama magharibi na pwani, apimwe malaria kwanza. Asimezwe dawa kwa kubahatisha. Na kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, safari haijaisha.

2. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe TB. Kwa anayemeza prednisoloni, hata kabla ya wiki mbili msingoje. Katika hospitali na vituo vya serikali kupimwa na kutibiwa TB ni bure.

3. Mtu asiongeze wala asipunguze vidonge mwenyewe. Tukisema "ugonjwa umeamka," tuwe tumeambiwa na daktari. Mara nyingi maambukizi na kuamka kwa lupasi hufanana sana, hata madaktari huhitaji vipimo ili kutofautisha.

4. Prednisoloni isinunuliwe ovyo. Wako wanaoinunua wanenepe au mashavu yajae. Kule kujaa uso si afya, ni dalili ya dawa. Unga wa viungo usiojulikana umetiwa nini, ule unaopoza maumivu kwa usiku mmoja, nao tuuogope.

5. Dawa za "kuongeza kinga" zisiwe mbio yetu. Mwili huu haukukosa soja. Soja yupo ila amechanganyikiwa, na kumpa rungu kubwa zaidi si msaada. Chakula cha kawaida kinatosha: sukuma, maharagwe, mayai, matunda, maziwa yaliyochemshwa.

6. Chanjo ziulizwe. Kuna chanjo zinazomfaa sana mgonjwa huyu, kama ya nimonia. Lakini zile zenye kijidudu hai kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na ya surua, huenda zikamdhuru akiwa kwenye dawa za kushusha kinga. Kabla ya sindano aseme, "Natumia dawa fulani."

7. Nyumba ipate hewa. Chumba kimoja cha Huruma au Mathare chenye watu sita na dirisha limezibwa na gunia ni shamba la TB. Dirisha lifunguliwe mchana. Kwenye matatu pia, fungua hata kama mwenzako ananuna. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni.

8. Akirudi nyumbani, aje na karatasi. Iandikwe: jina la ugonjwa, jina la kila dawa na kipimo chake, siku ya kliniki, na dawa zilizobaki ni za siku ngapi. Nakala moja abaki nayo mwekahazina wa kikundi. Dawa zikibaki za wiki mbili, nauli ianze kutafutwa.

9. Maombi na vidonge viende pamoja. Hatumkatazi mtu kuombewa. Lakini asiyatupe madawa kwa kuambiwa amepona. Aliyepona kweli atathibitishwa na kipimo, na kipimo hakipingani na imani.

10. Mfuko wa kikundi. Wanachama wajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kikundi kiangalie nani amekwama na malipo. Harambee ya mazishi tunaijua sana. Tujue pia harambee ya nauli ya kliniki. Ni pesa kidogo, na anayechangiwa anarudi kusema asante.

Wahudumu wa afya wa mtaani pia tuwatumie. Wengi wao walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha, sukari na joto la mwili. Waiteni kwenye mkutano.

TUMALIZIE

Binti wetu siku hizi hushona sare za shule. Mwezi uliopita alisikia baridi jioni, akapima joto akakuta 38.4. Zamani angelala na kungoja asubuhi. Usiku ule ule watu wawili wa kikundi walimsindikiza hospitali, mmoja ameshika ile karatasi. Ilikuwa maambukizi ya mkojo, yakapatikana mapema. Baada ya siku tatu alikuwa nyumbani, na vidonge vyake vya lupasi vilibaki kwenye kipimo kile kile. Hakuna aliyemwambia aongeze.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu kuna mtu aliyeugua muda mrefu, akapimwa HIV na hakuwa nayo, kisha akaachwa hivyo hivyo? Nani atamtembelea wiki hii?

2. Mmoja aeleze kwa maneno yake milango mitatu ambayo vijidudu huingia kwa mwenye lupasi. Wengine wamsahihishe.

3. Kwa nini ni hatari kuongeza prednisoloni bila kupimwa? Kwa nini ni hatari kuikata ghafla?

4. Ni umbali gani kutoka kwetu mpaka mahali pa kupima makohozi? Nauli ni ngapi? Usiku tutatumia usafiri gani?

5. Nani kati yetu ana mtoto mjini anayemeza dawa za kila siku? Je, jina la dawa hiyo tunalijua? Kama hatulijui, apigiwe simu leo, na karani aliandike.